Katuni za Afrika Mashariki

Katuni za Afrika Mashariki ni filamu fupi na vipindi vya televisheni vya michoro inayojongea vilivyotengenezwa Kenya, Tanzania na Uganda, au vilivyoongozwa na watu kutoka nchi hizo. Zinazojulikana zaidi ni Tinga Tinga Tales (2010), Ubongo Kids (2014), Akili and Me (2016), Super Sema (2021) na filamu mbili zilizomo katika mkusanyo wa Kizazi Moto (2023).

Baadhi ya kazi hizo zinasifiwa hasa kwa uzuri wa picha zake, na kwa sababu hiyo hulinganishwa na anime, yaani katuni za Japani. Ulinganisho huo una msingi: pande zote mbili zilianza na fedha kidogo kuliko studio kubwa za Marekani, na zote mbili zilitafuta uzuri katika sanaa ya uchoraji iliyokuwapo nyumbani. Tofauti kubwa ni kwamba Mjapani hutazama anime kwa lugha yake, ilhali msemaji wa Kiswahili mara nyingi hupata taabu kuzifikia katuni zilizotokana na sanaa ya kwao.

Istilahi

Neno katuni limetoka Kiingereza. Nchini Tanzania linatumika kwa mambo mawili. La kwanza ni mchoro wa gazetini wa kuchekesha au kukosoa, kama michoro ya Ali Masoud anayejulikana kwa jina la Masoud Kipanya, au ya Godfrey Mwampembwa anayetia saini ya "Gado". Mchoro wa aina hiyo huitwa pia kibonzo. La pili ni filamu ya michoro inayojongea. Makala hii inahusu maana ya pili.

Kazi ya kutengeneza filamu hizo huitwa uhuishaji, kutokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai. Anayeifanya ni mhuishaji.

Anime ni neno la Kijapani. Huko Japani hutumika kwa katuni yoyote, hata ya kigeni. Nje ya Japani hutumika kwa katuni zilizotengenezwa Japani peke yake.

Namna mchoro unavyotiwa uhai

Filamu huonyesha picha 24 kwa kila sekunde. Kila picha hutofautiana kidogo na iliyotangulia, na jicho huziunganisha na kuona mwendo. Kwa hesabu hiyo kipindi cha dakika 11 kina picha 15,840. Kama kila moja ingechorwa upya kwa mkono, kipindi kimoja kingehitaji wachoraji wengi na muda mrefu. Studio ya Walt Disney nchini Marekani iliweza kugharimia kazi ya namna hiyo katika filamu zake ndefu tangu miaka ya 1930. Studio nyingine nyingi hazikuweza.

Njia ya kupunguza gharama ni kushikilia mchoro mmoja kwa picha kadhaa. Mchoro ukishikiliwa kwa picha tatu, sekunde moja huhitaji michoro 8 tu, na kipindi cha dakika 11 huhitaji 5,280. Pia mhusika anayezungumza anaweza kuchorwa mdomo tu huku mwili ukibaki vilevile, na mandhari moja inaweza kutumika tena katika sehemu nyingi.

Njia hizi zilienea Japani kuanzia tarehe 1 Januari 1963, Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha katuni yake ya Tetsuwan Atomu, inayojulikana nje ya Japani kama Astro Boy. Ilikuwa ya kila wiki, na bajeti yake ilikuwa ndogo. Kwa kuwa mwendo ulikuwa mchache, wachoraji wa Japani walitilia mkazo mambo mengine: mpangilio wa picha, rangi, mwanga, mandhari na ukimya. Baada ya muda mambo hayo ndiyo yaliyokuja kuitambulisha anime duniani.

Siku hizi kazi nyingi hufanywa kwa kompyuta. Katika uhuishaji wa pande mbili, mhusika huchorwa mara moja kisha hugawanywa viungo: kichwa, mikono, miguu na mkia. Viungo hivyo husogezwa kama vya mwanasesere wa karatasi. Katika uhuishaji wa pande tatu, mhusika hufinyangwa ndani ya kompyuta kama sanamu, kisha hupigwa picha kutoka upande wowote.

Tinga Tinga Tales

Asili ya mtindo

Tinga Tinga Tales, yaani Hadithi za Tinga Tinga, imepewa jina la mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi za vibarua, zikiwemo za mashamba ya mkonge huko Tanga, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora na kuuza picha zake karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay.

Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyopatikana kwa bei nafuu. Alichora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi vyenye upande wa sentimita 60 hivi, akatumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Kwa kawaida picha yake ilikuwa na mnyama mmoja mkubwa aliyejaza ubao, mstari wa nje ulio wazi, madoa na michirizi mwilini, na nyuma yake rangi moja au mbili. Hakuchora kivuli, wala hakuonyesha umbali kwa kupunguza ukubwa wa vitu vya mbali.

Tingatinga alifariki mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi na polisi waliodhani yeye ni mhalifu. Alikuwa amechora kwa takribani miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wachoraji walianzisha chama chao cha ushirika, ambacho makao yake yako palepale alipoanzia.

Utengenezaji

Mtayarishaji wa katuni hii alikuwa Mwingereza Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect, ambaye kabla ya hapo alitayarisha katuni ya watoto ya Charlie and Lola. Uhuishaji ulifanyika Nairobi katika studio ya Homeboyz, na kazi za wachoraji wa Tingatinga zilikuwa msingi wa sura za wahusika na mandhari. Mwanamuziki wa Kenya Eric Wainaina alishughulikia muziki. Sauti za Kiingereza ziliingizwa na waigizaji kama Lenny Henry, Meera Syal na Patrice Naiambana.

Katuni ilianza kuonyeshwa mwezi Februari 2010 katika CBeebies, idhaa ya watoto wadogo ya BBC, na baadaye katika idhaa za Disney. Ina vipindi 52, kila kimoja cha dakika 11 hivi.

Maudhui

Kila kipindi kinajibu swali la "kwa nini": kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kiboko hana manyoya, kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Hadithi za aina hii zinajulikana katika jamii nyingi za Afrika, na wasomaji wengi wa Kiswahili walizisikia kwa bibi na babu au kuzisoma katika vitabu vya shule za msingi. Msimulizi ni Tumbili Mwekundu. Mwanzoni mwa hadithi mnyama huwa hana kile anachojulikana nacho leo; kiburi, uvivu, ulafi au werevu ndio unaomfikisha kwenye umbo lake la sasa.

Mtindo wa picha

Ubao wa Tingatinga ulifaa uhuishaji wa gharama nafuu kwa sababu nne.

Kwanza, mnyama wake huchorwa kwa upande, akiwa na mstari wa nje ulio wazi. Umbo la namna hiyo hugawanywa viungo kwa urahisi, na haliharibiki linapotembea kutoka kushoto kwenda kulia.

Pili, hakuna kivuli. Katika katuni yenye mwanga wa kawaida, kila mhusika anaposogea kivuli chake nacho lazima kisogee. Katika Tinga Tinga Tales kazi hiyo haipo.

Tatu, madoa na michirizi ya mwilini huupa mchoro uhai hata pale mnyama anaposimama. Mtazamaji hana haraka ya kuona mwendo, kwa kuwa kuna mengi ya kutazama.

Nne, rangi ya nyuma ni bapa, hivyo mnyama huonekana mara moja. Mtoto wa miaka mitatu hapati shida kujua amtazame nani.

Kwa hiyo mambo ambayo katika sanaa ya ubaoni yalitokana na vifaa vichache na uhitaji wa kuuza haraka, yaligeuka kuwa faida katika televisheni. Hapa ndipo Tinga Tinga Tales inapokaribiana na anime ya mwaka 1963: uchache wa mwendo umefidiwa na utajiri wa picha.

Ubongo Kids na Akili and Me

Ubongo ni shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 2013 kutengeneza vipindi vya elimu kwa watoto. Kipindi chake cha kwanza, Ubongo Kids, kilianza kuonyeshwa na televisheni ya taifa, TBC1, mwezi Januari 2014. Kinafundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na kililenga watoto wa shule ya msingi. Tangu mwanzo kilitolewa kwa Kiswahili, na watazamaji waliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu.

Mwaka 2016 ulifuata Akili and Me, kwa watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza. Mhusika mkuu, Akili, ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Anapolala huingia nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, ambako hujifunza herufi, namba na maumbo pamoja na rafiki zake wanyama.

Picha za vipindi hivi ni rahisi. Mistari ni minene, rangi ni chache na mandhari hurudiwa. Mtu anayetafuta picha za kustaajabisha hatazipata huku kwa wingi kama katika Tinga Tinga Tales. Hata hivyo, mazingira yake ni ya Tanzania na mazungumzo ni Kiswahili cha kawaida cha watoto. Baadaye vipindi vilitafsiriwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za Afrika, zikiwemo Kinyarwanda na Kihausa.

Super Sema

Super Sema ni katuni iliyoanza kuonyeshwa kupitia YouTube mwezi Machi 2021. Ilitengenezwa na kampuni ya Kukua, iliyoanzishwa na Lucrezia Bisignani. Shujaa wake ni Sema, msichana wa miaka kumi, ambaye pamoja na pacha wake MB hukilinda kijiji chao cha Dunia dhidi ya roboti katili aitwaye Tobor. Silaha zao ni sayansi na ubunifu. Mwigizaji wa Kenya Lupita Nyong'o alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu, na ndiye sauti ya Mama Dunia.

Majina mengi ya katuni hii ni ya Kiswahili, ingawa toleo lake la kwanza lilikuwa la Kiingereza.

Filamu fupi na Kizazi Moto

Nje ya vipindi vya watoto, waongozaji kadhaa wametengeneza filamu fupi kwa ajili ya watu wazima na matamasha. Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa Yellow Fever mwaka 2012, kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi. Filamu hiyo inachanganya michoro na picha za watu halisi. Raymond Malinga wa Uganda, kupitia studio yake ya Creatures mjini Kampala, alitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017. Kalabanda ni zimwi linalotajwa katika masimulizi ya wanafunzi wa Uganda, na katika filamu hiyo linasingiziwa kula kazi ya nyumbani ya mwanafunzi.

Waongozaji hao wawili wamo katika Kizazi Moto: Generation Fire, mkusanyo wa filamu 10 fupi uliotolewa na Disney+ tarehe 5 Julai 2023. Mkusanyo uliratibiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, na waongozaji walitoka Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nigeria, Uganda na Zimbabwe. Mtayarishaji mkuu alikuwa Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji wa Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018). Jina la mkusanyo ni la Kiswahili, na filamu mojawapo ya Afrika Kusini inaitwa Hatima.

Filamu zote zinahusu Afrika ya siku zijazo. Ya Malinga, Herderboy, inaonyesha wafugaji wenye viungo vya mashine wanaolinda ng'ombe dhidi ya pepo wabaya. Ya Mukii, Enkai, imetumia jina la Mungu katika dini ya jadi ya Wamasai. Inamhusu binti mdogo wa kimungu na mama yake wakati dunia inaharibiwa na wanadamu. Kila filamu ina mtindo wake wa picha, kwa hiyo anayetazama zote huona njia kumi tofauti za kuchora bara lilelile.

Ulinganisho na anime

Baadhi ya anime za televisheni zinazosifiwa kwa uzuri nazo zimeegemea sanaa au mandhari ya nyumbani. Anime tatu zinaweza kutazamwa sambamba na katuni za Afrika Mashariki.

Mononoke (2007) ina vipindi 12 na iliongozwa na Kenji Nakamura. Inamhusu muuza dawa anayezunguka akifukuza mapepo. Picha zake zinafuata michoro ya zamani ya Kijapani iliyochapwa kwa vibao vya mbao. Rangi ni bapa, nguo na kuta zimejaa nakshi, na juu ya kila kitu kuna umbile la karatasi. Kati ya anime zinazotajwa hapa, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Tinga Tinga Tales kwa mbinu, lakini ni ya kutisha na haifai watoto. Isichanganywe na Princess Mononoke (1997), filamu ya Hayao Miyazaki.

Mushishi (2005) ina vipindi 26 na iliongozwa na Hiroshi Nagahama. Mganga aitwaye Ginko hutembea vijijini akiwasaidia watu waliosumbuliwa na viumbe visivyoonekana. Uzuri wake umo katika misitu, ukungu, theluji na maji, na mwendo wake ni wa taratibu. Kila kipindi ni hadithi kamili, kama ilivyo kwa Tinga Tinga Tales.

Violet Evergarden (2018) ina vipindi 13 na ilitengenezwa na studio ya Kyoto Animation. Inamhusu msichana aliyekuwa askari, ambaye baada ya vita anaajiriwa kuwaandikia watu barua. Picha zake zimejaa mwanga na vitu vidogo vilivyochorwa kwa uangalifu mkubwa, kama vidole, vitambaa na machozi. Inaonyesha hali ya studio iliyopata muda na fedha za kutosha.

Kwa mtazamaji mpya

Mtu ambaye hajazoea katuni anaweza kuanza na kipindi kimoja cha Tinga Tinga Tales, hasa kile cha mkonga wa tembo. Ni kifupi, hakihitaji kujua kilichotangulia, na picha zake zinaeleweka hata kwa asiyejua Kiingereza vizuri. Baada ya hapo anaweza kutazama Herderboy na Enkai ili kuona uchoraji wa siku hizi, kisha Mushishi kwa upande wa Japani.

Kwa watoto wadogo zinazofaa ni Tinga Tinga Tales na Akili and Me. Super Sema na Ubongo Kids zinafaa wanafunzi wa shule ya msingi. Filamu za Kizazi Moto zina mapigano na misiba, hivyo ni bora mzazi azitazame kwanza. Yellow Fever inawahusu watu wazima.

Katika kupima uzuri wa katuni, ni vizuri kuisimamisha mahali popote na kuitazama kama picha ya ukutani. Picha nzuri hueleweka hata ikisimama: mtazamaji anajua amtazame nani, rangi zinasaidiana, na nafasi iliyoachwa wazi ina kazi.

Lugha na upatikanaji

Uzuri wa picha na urahisi wa kuzipata haviendi pamoja. Kizazi Moto ina jina la Kiswahili na waongozaji wawili wa Afrika Mashariki, lakini ilipotolewa mwaka 2023 huduma ya Disney+ ilikuwa haijafunguliwa Kenya, Tanzania wala Uganda. Tinga Tinga Tales ilitokana na sanaa ya Dar es Salaam na kazi ya Nairobi, lakini iliagizwa na televisheni za ng'ambo na kuandikwa kwa Kiingereza. Ubongo Kids, yenye picha za kawaida zaidi, ndiyo iliyofika nyumbani bila malipo na kwa Kiswahili.

Sababu kubwa ni fedha. Anayelipia utengenezaji ndiye anayeamua lugha na mahali pa kuonyesha. Televisheni za Afrika Mashariki hazina uwezo wa kuagiza katuni za gharama kubwa, na mara nyingi ni rahisi zaidi kununua kipindi cha kigeni kilichokwisha kutengenezwa.

Jambo la pili ni haki za wachoraji. Nchini Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi maalumu, kwa mfano picha fulani ya chui. Hailindi wazo wala mtindo wenyewe. Mtu yeyote duniani anaweza kuchora mnyama mwenye madoa kwa rangi za kung'aa bila kuomba ruhusa kwa wachoraji wa Oysterbay. Jina Tingatinga, ambalo kwa watazamaji wengi wa ng'ambo ni jina la katuni tu, lilikuwa jina la ukoo la mtu aliyeuza picha zake kando ya barabara.